Mkikodi mwongoza watalii wenu peke yenu, muda wa kula ukifika anakaa wapi? Na nani analipa?

#1 Mlango_Wazi
Habari wadau. Swali hili nimewauliza watu wa karibu na kila mmoja ananipa lake, nikaona nilete huku.

Tunasafiri mimi, mke wangu na mama mkwe. Mama hawezi kukimbizana na kundi la watu thelathini wanaofuata bendera, kwa hiyo tumeamua kukodi mwongozaji wetu wenyewe, pamoja na gari na dereva. Siku nzima tuko watu watano, asubuhi mpaka jioni. Sasa mchana tunaingia mgahawani. Huyu mwongozaji anakaa nasi? Anakaa meza nyingine? Anabaki nje? Na dereva je? Wakikaa nasi, bili ni yetu au wana posho yao?

Mimi naona mtu aliyekuzungusha siku nzima na kukusomea kila jiwe huwezi kumwacha mlangoni ukaenda kula. Mke wangu anasema ile saa moja ndiyo nafasi pekee ya kuzungumza kama familia, na mwongozaji naye apumzike kutusikia. Mama mkwe hataki hata mjadala: kwake hakuna anayekula wakati mwenzake anatazama.

Waliowahi kukodi, na hasa waliowahi kuifanya kazi hiyo, naombeni uzoefu wenu.

#2 Nanga
Mkaribishe. Akikataa, kakataa. Mbona rahisi mkuu.

#3 Kigogo wa Ramani
Si rahisi hivyo, Nanga. Kwanza ajue amemkodi nani. Ukipitia kampuni, jibu liko kwenye makaratasi. Mlango_Wazi, fungua ratiba waliyokutumia, tafuta pale palipoandikwa bei inajumuisha nini na haijumuishi nini. Wengi wakisoma "chakula cha mchana kila siku" wanadhani ni cha gari zima. Hapo ni wageni tu. Cha mwongozaji na dereva huwa na mstari wake, kwa kawaida unaunganishwa na malazi yao. Mstari huo ukiwepo, kampuni imeshawapangia. Usipokuwepo, uliza kwa maandishi kabla hujatuma hela.

Ukimkodi mtu moja kwa moja bila kampuni, posho haipo. Anachokula kinatoka kwenye malipo yake ya siku au mfukoni mwako. Hapo ndipo watu wanaumbuana, kwa sababu kila upande ulidhani mwenzake anajua.

#4 BintiSafari
Nilizunguka Rajasthan, India, na dereva mmoja safari nzima, na kila mji tulikuwa na mwongozaji wake. Yule dereva kila mchana anatushusha, anatufungulia mlango wa mgahawa, halafu haonekani. Tunamkaribisha, anaweka mkono kifuani na kusema asante, amekula. Amekula saa ngapi na tulikuwa naye garini? Rafiki yangu aliumia kabisa, akaamini tumemdharau bila kujua.

Baadaye akatueleza mwenyewe. Migahawa ya barabara ya watalii inawalisha madereva bure kwa sababu ndio wanaoleta wateja. Kuna upande wao, wanakutana na wenzao, wanapeana habari za barabara, wanalala kidogo. Mezani kwetu angekaa wima kama yuko kwenye usaili. Kwa hiyo Mlango_Wazi, akitoweka usidhani analala njaa. Huenda anakula vizuri kuliko wewe.

#5 Mzee Tarumbeta
BintiSafari, hiyo "bure" unailipa wewe. Iko ndani ya bili yako. Na mbali ya chakula, sehemu nyingine anapewa na fungu lake kwa kila kichwa alichokiingiza. Ndiyo maana mwongozaji anakung'ang'aniza uende kwenye lile jumba la bafe lenye mabasi kumi nje, wakati mtaa wa pili kuna pazuri na bei nusu.

Ushauri wangu kwa mtoa mada: usimuulize "tukale wapi". Muulize "wewe ukiwa huna wageni unakula wapi?" Halafu mwambie twende huko sote, mimi nalipa. Ukimlipia chakula chake, ile sababu ya kukupeleka kwenye bafe umeipunguza.

#6 Kasuku77
Mzee Tarumbeta kila uzi lazima atafute aliyeiba 😂 Juzi ilikuwa teksi za uwanja wa ndege.

#7 Njiani Daima
Salaam. Nimeifanya kazi hii miaka mingi, nitasema ya upande wetu.

Mzee Tarumbeta, kamisheni zipo, na wapo wenzangu wanaoifuata kuliko wanavyomfuata mgeni. Lakini usimalizie kila kitu hapo. Mwongozaji akiondoka mezani mara nyingi anataka kunyamaza tu. Tangu asubuhi nimesema. Nikikaa nanyi nitaendelea kusema, kwa sababu hajazaliwa mgeni wa kukaa na mwongozaji asimuulize kitu. Ile sanamu pua yake ilienda wapi? Hapa mtu akitaka nyumba anapataje? Una watoto wangapi? Natia kijiko mdomoni, naulizwa, nameza bila kutafuna, najibu. Wageni wanamaliza, sahani yangu iko nusu na imepoa, na mimi ndiye natakiwa kusimama wa kwanza kuita gari.

Halafu saa ya chakula ndiyo ofisi yangu. Nathibitisha tiketi za mchana, namuuliza dereva barabara ikoje, naongea na hoteli kuhusu kile chumba mlichoomba kibadilishwe. Mkiniona kivulini nimeshika simu msidhani nimetengwa.

Pamoja na hayo, zipo siku natamani sana kualikwa. Siku za mwendo mrefu, mgahawa ni mmoja tu njiani, sina pengine pa kwenda. Wageni wanaingia, mhudumu anavuta viti vitatu, mimi nimesimama kati ya meza na mlango. Mgeni ameshaagiza, mhudumu ameondoka na menyu zake, ndipo anageuka na kuniona: "Aa, na wewe njoo basi." Mwaliko wa namna hiyo nitaukataa hata kama sijatia kitu mdomoni tangu alfajiri, kwa sababu ninaona nimekumbukwa mwisho.

Ukitaka tule pamoja, niambie asubuhi garini, kabla sijapiga simu ya kushika meza. "Leo mchana tutakula wote, na dereva, weka nafasi ya watu watano." Basi. Kama nina sababu ya kukataa, utakuwa umenipa muda wa kukataa bila watu kunitazama.

#8 Nanga
Kwa hiyo nilikuwa sahihi: mkaribishe. Tofauti ni saa tu.

#9 Daftari
Mnasahau sheria. Ulaya kuna Maelekezo ya Umoja wa Ulaya 2003/88: siku ya kazi ikizidi masaa sita mtu ana haki ya mapumziko. Dereva akiendesha masaa manne na nusu anatakiwa asimame dakika 45. Kwa hiyo mwongozaji akikaa mezani akijibu maswali yenu hajapumzika, yuko kazini. Kumwita mezani kunaweza kuwa kumnyang'anya haki yake, hata kama nia ni njema. Mke wa Mlango_Wazi ana hoja nzito kuliko mnavyoichukulia.

#10 Pembe Nne
Daftari, nusu ya hayo yanahitaji kunyooshwa. Zile dakika 45 ni za Kanuni 561/2006, nayo kwa upande wa abiria inahusu magari yaliyotengenezwa kubeba watu zaidi ya tisa, dereva akiwemo. Mabasi, kwa maneno mengine. Mlango_Wazi na gari lake la watu watano hayumo. Na hata kwenye basi, dereva anaweza kuzigawa: dakika 15 kwanza, kisha 30.

Yale Maelekezo ya 2003/88 nayo yanamlinda mwajiriwa. Waongozaji wengi wamejiajiri wenyewe, hawana mwajiri wa kudaiwa mapumziko. Hoja ya kuchoka naikubali kabisa. Sheria ndiyo umeivuta mbali.

#11 Daftari
Ya magari naipokea. Ya waliojiajiri inazidi kunipa nguvu: kama sheria haimlindi, basi anayebaki kumlinda ni mteja mwenyewe.

#12 MamaWawili
Mimi nasimama na mke wa mtoa mada. Tukisafiri na watoto, mchana ndipo tunapogombana, tunapopatana, tunapoambiana nani anaumwa tumbo. Mbele ya mgeni huwezi. Mtoto anakataa kula, unataka kumwambia maneno mawili, kuna mtu mzima kakaa pale anatabasamu kwa adabu. Hata yeye anataabika.

Tulichokuwa tunafanya: siku ya kwanza tunakula wote, dereva akiwemo. Watoto wanamzoea na yeye anatujua tunakula nini na hatuli nini. Kuanzia siku ya pili tunampa hela ya chakula asubuhi, ndani ya bahasha, anakwenda anakotaka, tunakubaliana saa ya kukutana. Hakuna aliyewahi kununa. Mmoja alisema kwa mara ya kwanza mwezi ule amekula huku amekaa.

#13 Mzee Tarumbeta
Mama, bahasha inategemea mtu. Mwingine ukimpa hela ya chakula unamfanya kibarua. Heshima iko kwenye kukaa pamoja, si kwenye bahasha.

#14 MamaWawili
Mzee wangu, kwa heshima zote, mtu ana familia nyumbani. Anaweza kula kidogo na nyingine akapeleka kwake. Kwa nini niamue mimi kwamba heshima yake iko kwenye kiti cha mezani kwangu?

#15 Sauti ya Chini
Naomba niongeze upande wa mwanamke anayesafiri peke yake, maana wote mnaongea kama familia.

Mchana nakula na mwongozaji bila wasiwasi. Kuna mwanga, kuna watu, na bado tuko ndani ya saa za kazi. Usiku hapana. Si kwamba kila mwongozaji ana nia mbaya, wengi ninaowakumbuka walikuwa waungwana. Lakini kula usiku watu wawili kunasomeka vingine, na mji wake ni mdogo, wanaomfahamu ni wengi, na mkewe ana masikio. Nimewahi kuona mwongozaji akishukuru waziwazi nilipomwambia mapema: "Kazi yetu inaisha nikifika hotelini, usiku nitakula mwenyewe." Alishusha pumzi. Alikuwa akijiuliza atanikwepaje bila kunikosea.

Na akikung'ang'aniza mle usiku wakati umekataa, pigia kampuni kesho yake asubuhi. Usione haya.

#16 BintiSafari
Umesema dada. Na lingine: ukikaribisha, sema ni chakula cha siku ile tu. Usiposema, kesho hajui aingie au abaki nje, na wewe hujui umwite tena au la. Mnabaki kutazamana mlangoni.

#17 Mpishi Mstaafu
Nimekaa jikoni kwenye hoteli za watalii maisha yangu ya kazi. Hii "meza ya waongozaji" naijua kwa ndani.

Iko kweli. Mara nyingi ni karibu na mlango wa jikoni au chumba cha pembeni. Tulikuwa tunawapa kile kilichopikwa kwa wafanyakazi, na siku ya bafe wanapita baada ya wageni kuchukua. Zipo hoteli zinawapa sawasawa na wageni, na zipo zinazowapa cha jana. Inategemea meneja. Kwa hiyo BintiSafari, "huenda anakula vizuri kuliko wewe" inaweza kuwa kweli na inaweza isiwe, usiiweke kama kanuni.

Niliona pia wakipenda pale pembeni. Pale ndipo wanaambiana njia ipi imefungwa, mgeni yupi mgumu, kampuni ipi haijalipa mwezi wa pili. Mwongozaji mgeni asiyekaa pale hapati habari, na wageni wake wanaumia bila kujua sababu.

Kitu kimoja ningewaomba wageni: mkitaka akae nanyi, mwambieni mhudumu mnapoingia kwamba ni mgeni wenu na anaagiza kwenye menyu. Msiposema, sisi jikoni tunamhesabu upande wa wafanyakazi. Sahani tano zinakuja, moja haifanani na nyingine, na aibu inamwangukia yeye.

#18 Kasuku77
Mpishi Mstaafu hiyo ya sahani moja kutofanana imeniuma. Nimeiona kwa macho. Mgeni akauliza "mbona chako kiko tofauti?" Jamaa akasema ndicho anachokipenda.

#19 Mlango_Wazi
Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichouliza. Nina mawili bado. La kwanza, safari yetu inaweza kuangukia Ramadhani na mwongozaji ni Mwislamu. Mchana tunafanyaje? La pili, nikilipa chakula chake kila siku, nipunguze kwenye bahashishi ya mwisho au hayahusiani?

#20 Kigogo wa Ramani
La Ramadhani: angalia tarehe kwanza, mwezi unarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka kwenye kalenda hii ya kawaida, usitumie ya mwaka jana. Na usimwambie "si wewe uko safarini, umeruhusiwa kula". Ruhusa ya msafiri ipo, Suratul Baqara aya ya 184 na 185, na siku hizo anazilipa baadaye. Lakini mwongozaji anayekutembeza kwenye mji wake si msafiri. Msafiri ni wewe. Na anayeamua afunge au asifunge ni yeye.

Kwa vitendo: msijifiche kula, atajisikia vibaya kuona mnanyata kwa ajili yake. Mpeni ile saa ya mchana iwe yake kabisa, asali au alale. Kazi nzito ya kutembea iwe asubuhi. Na jioni mwachieni mapema afike kufuturu kwake. Mwongozaji anayetazama saa kila dakika hana furaha, na nyie pia hamtaelewa anachosimulia.

#21 Mzee Tarumbeta
Bahashishi usipunguze hata senti. Chakula ni cha siku ile, bahashishi ni ya kazi. Ukianza kukata, ulimkopesha, hukumkaribisha.

#22 Nanga
Leo nimekubaliana na Mzee Tarumbeta. Andikeni tarehe.

#23 Pembe Nne
Ila bahashishi yenyewe inategemea nchi, Mzee. Japani kutoa bahashishi si jambo la kawaida, unaweza kumtia mtu kwenye wakati mgumu. Huko chakula cha mchana ndiyo njia rahisi ya kusema asante. Kuna waongozaji wa kujitolea, wanaitwa Goodwill Guides. Hawatozi ada. Wewe unalipa nauli zao, viingilio vyao na chakula chao mkiwa pamoja. Kwa hiyo ile hoja kwamba "mwongozaji ana utaratibu wake wa kula" pale haipo kabisa. Usipomlipia, yeye ndiye anayekulipia wewe kukutembeza.

#24 Daftari
Lakini Japani si lazima mtu awe na leseni ndipo alipwe kwa kuongoza wageni? Ndiyo maana hao wa kujitolea hawachukui hela.

#25 Pembe Nne
Ilikuwa hivyo. Sheria yao ya wakalimani-waongozaji ni ya 1949, na kwa miaka mingi kuongoza wageni kwa lugha ya kigeni kwa malipo bila leseni kulikatazwa. Marekebisho yalianza kutumika Januari 2018, sasa hata asiye na leseni anaruhusiwa kulipwa. Jina la cheo ndilo limebaki la wenye leseni. Wa kujitolea wanaendelea kujitolea kwa hiari yao tu.

Na nikiwa hapohapo: mnachanganya kazi mbili humu. Kiwango cha Ulaya EN 13809 cha 2003 kinamtenganisha mwongoza watalii, ambaye kazi yake ni kumfafanulia mgeni urithi wa eneo fulani kwa lugha anayoitaka, na yule meneja wa safari anayesimamia ratiba kwa niaba ya kampuni. Wa pili, mezani ni sehemu ya kazi yake: anahakikisha yule mwenye mzio kaletewa sahani yake, anaangalia bili. Wa kwanza, mkifika kwenye chakula kazi yake imesimama. Wengi wa binafsi wanafanya zote mbili na kulipwa moja. Mlango_Wazi, ukijua wako ni yupi, nusu ya swali lako imejijibu.

#26 Kasuku77
Kwa sisi tusiosoma viwango: kama ana karatasi ya ratiba mkononi, ni wa pili. Kama ana mwavuli na hadithi, ni wa kwanza. 😄

#27 Njiani Daima
Pembe Nne ameeleza vizuri, ila hapa kwetu kazini mstari huo unafutika ndani ya dakika kumi. Mama wa mgeni akihitaji choo, mimi ni mwongozaji gani wa kusema urithi tu?

Niseme moja kuhusu kuagiza, maana hakuna aliyeligusa. Mgeni akiniambia "agiza chochote unachotaka" amenipa mtihani. Sijui bajeti yake. Nikiagiza cha bei, nimekula jasho la mtu. Nikiagiza cha chini kabisa, anaona ninajinyima na ananishinikiza mbele ya mhudumu. Mgeni mwerevu anaagiza yeye kwanza, kwa sauti. Akichukua cha katikati, najua nichukue cha katikati. Au ananiambia nichague vitu vya kushirikiana wote, hapo naona raha, kwa sababu nachagua kwa niaba ya meza na si kwa tumbo langu.

Na kinywaji cha kulevya msinishawishi. Bado nina mchana mzima na mama wa watu kwenye ngazi.

#28 BintiSafari
Hiyo ya kuagiza kwanza naichukua. Ni ndogo lakini inaokoa.

#29 MamaWawili
Mmesahau asubuhi. Mkiondoka saa kumi na moja alfajiri, hoteli inawafungia kifungua kinywa kwenye maboksi. Maboksi ni ya waliolala pale. Mwongozaji na dereva walioamka saa tisa kuja kuwachukua hawamo. Halafu saa moja na nusu mnafungua maboksi garini, harufu inajaa, na mbele kuna watu wawili wanatazama barabara. Usiku kabla ya kulala ongea na mapokezi uongeze mawili. Wakikataa, nunua kitu jioni. Hata vitafunio vya watoto, ukivitoa, mkono wa kwanza upeleke mbele.

#30 Mpishi Mstaafu
Mapokezi wakikwambia haiwezekani, omba kulipia. Jikoni tulikuwa tunafunga maboksi usiku wa manane, mawili zaidi si kitu. Tatizo ni hakuna anayeomba.

#31 Mlango_Wazi
Wadau, mrejesho. Nimewaandikia kampuni kama Kigogo alivyoshauri. Wamejibu: chakula cha mchana cha mwongozaji kimo ndani ya ada yake ya siku, na dereva "ana utaratibu wake". Mpango wetu sasa: siku ya kwanza tunakula wote watano, namwambia mwongozaji garini asubuhi, naagiza mimi kwanza. Siku zinazofuata mchana ni wa familia, mke wangu kashinda hapo. Mama mkwe hajakubali. Amesema siku akiwa na nguvu atakaa na dereva, sisi tuendelee na mazungumzo yetu.

#32 Mzee Tarumbeta
Huyo mama ndiye wa kusafiri naye. Ila "utaratibu wake" ni maneno ya ofisini. Utaratibu gani?

#33 Njiani Daima
Swali zuri, Mzee. Mara nyingine ni posho ya kweli. Mara nyingine ni ile meza ya Mpishi Mstaafu. Mara nyingine ina maana kwamba hakuna aliyefikiria, na dereva anabeba chake au anasubiri afike nyumbani. Mlango_Wazi, usimuulize mwongozaji, atakujibu kwa niaba ya kampuni. Muulize dereva mwenyewe, mkiwa wawili, wakati wengine wanapiga picha. Na usimuulize kama ana njaa, hakuna atakayekubali. Muulize jana alikula saa ngapi.

#34 Daftari
Mimi bado siafiki siku ya kwanza kula wote. Siku ya kwanza ndiyo mtu anaogopa zaidi kukataa, hamjui. Afadhali siku ya tatu au ya mwisho, akiwa ameshawajua.

#35 MamaWawili
Siku ya mwisho anafikiria bahashishi, hatakula kwa amani. Ya kwanza ni bora.

#36 Nanga
Ya katikati basi. Halafu mtoa mada akirudi atuambie dereva alijibu nini.

#37 Sauti ya Chini
Na atuambie mama alikaa meza ipi.